Uchujaji wa Wakati si Uchujaji wa Muda: Uhakiki wa Istilahi za Picha za Utendaji wa Ubongo

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki kikundi kidogo cha istilahi ambazo mfasiri wa Kiswahili hana budi kuzikabili kila atakiwapo kueleza jinsi picha za utendaji wa ubongo zinavyochujwa kwa kompyuta. Kikundi chenyewe hakizidi maneno kumi. Hata hivyo, maneno hayo machache yanaonyesha vizuri hasara ya tafsiri sisisi, yaani ile ya kuchukua neno la kigeni, kulifungulia kamusi ya kawaida, na kuandika neno la kwanza linaloonekana.

Huenda msomaji akauliza: taaluma hii ya wachache inatuhusu nini sisi walimu, wafasiri na watumishi wa serikali? Jibu ni kwamba inatuhusu kwa njia tatu. Kwanza, mtu anayeombwa kupigwa picha za ubongo kwa ajili ya utafiti hupewa fomu ya ridhaa, nayo yapasa iwe katika lugha anayoielewa. Pili, kamati inayopitisha au kukataa maombi ya utafiti ina wajumbe wasio mabingwa wa fani hiyo, nao huamua kwa kutegemea maelezo yaliyoandikwa. Tatu, mwanafunzi anayejifunza kutumia programu hizi huongozwa na maneno. Neno likimwelekeza kinyume, atafuta jambo alilokuwa akilitafuta, na kompyuta haitamwonya.

Jambo lenyewe

Kabla ya kuhukumu maneno, inafaa tulifahamu jambo lenyewe. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, wakifanya kazi Marekani, walieleza kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa na oksijeni hutofautiana katika tabia zake za kisumaku, na kwamba tofauti hiyo huweza kuonekana katika picha. Mwaka 1992 vikundi kadhaa vya wataalamu vilionyesha jambo hilo katika ubongo wa binadamu. Tangu hapo imewezekana kumlaza mtu ndani ya mashine yenye sumaku kubwa, kumpa kazi ya kufanya, na kufuatilia ni sehemu gani za ubongo wake zinazoshughulika.

Mashine hiyo hupiga picha nzima ya ubongo kila baada ya muda mfupi, tuseme sekunde 2. Katika dakika 10 hupatikana picha 300. Picha hugawanywa katika vipande vidogo vya mchemraba viitwavyo vokseli, na kila vokseli huwa na namba yake katika kila picha. Kwa hiyo kila vokseli ina mfuatano wa namba 300, na mfuatano huo ndio unaochujwa. Kinachochujwa si picha moja moja, wala si watu, bali ni mwenendo wa namba hizo kadiri wakati unavyopita.

Mwenendo huo una mambo mengi yaliyochanganyika. Limo badiliko linalotokana na kazi ya ubongo, ambalo huja polepole: huchukua sekunde kama tano au sita kufikia kilele chake. Umo mserereko wa mashine, yaani kupanda au kushuka kwa namba polepole sana wakati mitambo inapopata joto au mtu anapojisogeza kidogo kidogo. Yamo pia mapigo ya moyo na pumzi. Mkazi wa pwani ataelewa upesi: mtu akisimika mti baharini ili apime urefu wa mawimbi, na huku maji yanajaa, vipimo vyake vitaonyesha mawimbi pamoja na kujaa kwa maji. Akitaka mawimbi peke yake, sharti aondoe kujaa na kupwa. Kazi ya kichujio cha wakati ni kama hiyo.

Hatari ya neno “muda”

Mfasiri mwenye haraka ataandika “uchujaji wa muda”. Maneno yote mawili ni Kiswahili safi, nayo yanaonekana kulingana na asili. Lakini katika matumizi ya Kiswahili, na hasa katika ofisi za serikali, “-a muda” ina maana iliyokwisha kukaa imara: kibali cha muda, ajira ya muda, mwenyekiti wa muda. Maana yake ni kitu kisicho cha kudumu. Basi mjumbe wa kamati atakaposoma kwamba “data zitafanyiwa uchujaji wa muda”, ataelewa kwamba kuna uchujaji wa awali usio rasmi, na kwamba mwingine wa kudumu utafuata. Ataweza hata kuuliza huo wa kudumu utafanywa lini. Swali lake litakuwa la haki kabisa, kwa sababu kosa ni la mwandishi.

“Uchujaji kwa wakati” nao hauponi, maana “kwa wakati” husomwa kuwa ni bila kuchelewa. Kinachotakiwa ni neno litakaloonyesha kwamba wakati ndio mhimili ambao uchujaji unafanywa juu yake, kama vile nafasi ilivyo mhimili wa uchujaji mwingine unaolinganisha vokseli moja na jirani zake. Kwa maoni yetu, “uchujaji wa wakati” wafaa kwa jina la mkato, mradi linapotajwa kwa mara ya kwanza liandikwe kwa ukamilifu: “uchujaji wa mfuatano wa wakati”. Neno “mfuatano” ndilo linaloizuia akili isipotee. Kwa upande wa pili tutakuwa na “uchujaji wa nafasi”, na jozi hiyo itasimama vizuri darasani.

“Juu”, “chini” na mkanganyiko wa “masafa”

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Vichujio vya wakati hugawanywa kwa kutazama ni mawimbi gani yanayopita na yapi yanayozuiwa. Lugha ya asili hutumia picha ya kimo: kuna kichujio kinachopitisha yaliyo juu, na kuna kinachopitisha yaliyo chini. Kilicho juu au chini hakitajwi ndani ya jina. Msomaji anadhaniwa kwamba anajua kuwa ni idadi ya marudio ya wimbi katika sekunde. Mhandisi amezoea. Asiye mhandisi huachwa gizani, hata akiwa mwenyeji wa lugha hiyo ya asili.

Tukilifasiri jina hilo neno kwa neno na kuandika “kichujio cha mawimbi ya juu”, tunaleta shida tatu kwa pamoja. Ya kwanza, wimbi la juu kwa msikilizaji wa Kiswahili ni wimbi lililoinuka, yaani lenye kimo kikubwa. Lakini kichujio hiki hakijali kimo hata kidogo, bali wepesi wa kujirudia. Ya pili, jina halisemi kama mawimbi hayo ndiyo yanayobaki au ndiyo yanayotupwa. Ya tatu, “juu” na “chini” katika Kiswahili ni maneno ya cheo. Daraja la juu ni bora na hali ya chini ni duni, na msomaji atadhani kwamba mawimbi ya chini ni takataka. Dhana hiyo si ya kweli. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake walionyesha kwamba mtu akiwa amelala tu ndani ya mashine bila kazi yoyote, sehemu za ubongo wa kulia na wa kushoto zinazoendesha viungo hupanda na kushuka pamoja, na kwamba badiliko hilo lina marudio ya polepole, chini ya 0.1 kwa sekunde. Tawi zima la utafiti limeota juu ya mawimbi hayo “ya chini”.

Mfasiri mwingine atajaribu kujiokoa kwa neno “masafa”. Neno hili limezoeleka redioni, na hapo ndipo tatizo lilipo. Wasikilizaji wa miaka ya 1970 walizoea kusikia watangazaji wakitaja masafa ya kati na masafa mafupi, pamoja na idadi ya mita. Hapo “masafa” yalikuwa ni urefu wa wimbi. Redio za leo hutaja masafa kwa megahezi, na hapo “masafa” yamekuwa ni idadi ya marudio. Vipimo hivi viwili hupingana: kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo marudio yake yanavyopungua. Basi masafa mafupi ya zamani ni masafa ya juu ya leo. Neno moja limebeba mizani mbili zinazokwenda kinyume, na anayeandika “pitisha masafa ya juu” hawezi kujua msomaji wake ameshika mizani ipi. Mwenye umri wa kutosha kukumbuka masafa mafupi anaweza kuelewa kinyume kabisa cha kilichokusudiwa, na asijue kwamba ameelewa kinyume.

Tunapendekeza mizani hizi zitenganishwe. Idadi ya mizunguko kwa sekunde iitwe “marudio”, nayo ipimwe kwa hezi. Urefu wa wimbi katika wakati, yaani sekunde ambazo wimbi moja huchukua mpaka likamilike, uitwe “kipindi”, nao upimwe kwa sekunde. Marudio ya 0.01 ni sawa na kipindi cha sekunde 100. Hesabu hiyo mwalimu ataiandika ubaoni kwa mstari mmoja. Kisha vichujio vyenyewe viitwe kwa kitu kinachozuiwa, kwa utaratibu ule ule uliotupatia kipaza sauti, kinasa sauti na kipimajoto. Cha kwanza kiwe “kizuia-mawimbi-marefu”, kinachoondoa mserereko. Cha pili kiwe “kizuia-mawimbi-mafupi”, kinachoondoa mtetemo wa upesi. Chenye kuzuia pande zote mbili na kuacha katikati kiwe “kipitisha-kati”.

Mwalimu wa fizikia atapinga kwamba urefu wa wimbi hupimwa kwa mita, si kwa sekunde. Pingamizi hili ni la haki, nasi hatulipuuzi. Lakini katika taaluma hii hakuna wimbi linalosafiri kutoka mahali hadi mahali; kuna namba zinazopanda na kushuka mahali pamoja. Kwa hiyo urefu pekee unaoweza kusemwa ni urefu wa wakati, na hatari ya kuchanganya ni ndogo kuliko ile ya “juu” na “chini”.

Kinachobaki na kinachotupwa

Neno “kuchuja” lina hazina kubwa, na kwa sababu hiyo lahitaji uangalifu. Anayechuja tui kwa kifumbu hulitaka tui linalopita, na machicha hubaki ndani. Anayepepeta mchele kwa ungo hutaka kilichobaki, na pumba huruka. Kwa hiyo tukisema “mawimbi marefu yamechujwa”, hatujasema kama yamehifadhiwa au yamemwagwa. Mwandishi wa ripoti na alazimike kuongeza kitenzi kimoja: “yameondolewa kwa kuchujwa” au “yamebakizwa kwa kuchujwa”. Ni maneno mawili zaidi, lakini yanaokoa ukurasa mzima wa mabishano.

Kadhalika, kanga iliyopoteza rangi husemwa kuwa imechuja, na mwimbaji aliyepitwa na siku zake husemwa vivyo hivyo. “Data zilizochuja” na “data zilizochujwa” zinatofautiana kwa herufi moja tu. Mhariri asipoangalia, chapa itasema kwamba data za mtafiti zimepauka. Na “mchujo” umekwisha kupata makazi yake katika mitihani, michezo na uteuzi wa wagombea. Fomu ya ridhaa isemayo kwamba “picha zako zitaingia katika mchujo” itamfanya mgonjwa aogope kwamba atakataliwa. Tunashauri “uchujaji” kwa tendo na “kichujio” kwa zana, na “mchujo” uachwe ulipo.

Mpaka na vipimo vyake

Kila kichujio kina mpaka: upande mmoja mawimbi hupita, upande wa pili huzuiwa. Mpaka huo ndio uamuzi mkubwa wa mtafiti. Tuseme mtu anaonyeshwa picha kwa sekunde 30, kisha anapumzika sekunde 30, na kurudia. Kazi hiyo ina kipindi cha sekunde 60. Kizuia-mawimbi-marefu chenye mpaka wa sekunde 100 kitaipitisha. Lakini mtafiti akipanga kazi ya sekunde 100 na mapumziko ya sekunde 100, kipindi chake ni sekunde 200, na kichujio kile kile kitaifuta pamoja na mserereko. Matokeo yatasema kwamba ubongo haukufanya kitu.

Programu zinazotumika sana hazina lugha moja juu ya jambo hili. SPM, iliyoanzishwa London na Karl Friston, huweka mpaka wa sekunde 128 mtumiaji asipoubadili. FSL ya Oxford, katika sehemu yake ya uchambuzi wa kazi, nayo hutaja mpaka kwa sekunde, na 100 ni namba ya kawaida. AFNI, iliyoanzishwa na Robert Cox huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1994, ina zana za kuchuja zinazotaka mpaka kwa hezi. Tena, ndani ya FSL hiyo hiyo imo zana iitwayo fslmaths ambayo haitaki sekunde wala hezi: hutaka kipimo cha upana kiitwacho sigma, kikihesabiwa kwa idadi ya picha. Kwa mpaka wa sekunde 100, na picha kila sekunde 2, mtumiaji agawanye 100 kwa 2 ili apate sigma ya sekunde 50, kisha agawanye tena kwa 2 ili apate picha 25. Anayeandika 100 kwa kudhani ni sekunde amejiwekea mpaka wa sekunde 400, na sehemu ya mserereko aliotaka kuuondoa itabaki. Programu itamaliza kazi kimya kimya.

Hapa mfasiri ana dhima ya pekee. Neno la asili kwa picha nzima ya ubongo ni lile lile linalomaanisha ujazo wa debe, juzuu la kitabu na ukubwa wa sauti ya redio. Ukiandika “sigma kwa ujazo”, mwanafunzi atatafuta lita. Ukiandika “kwa juzuu”, ataelekea maktaba. Liandikwe “kwa idadi ya picha nzima”, na shida itakuwa imekwisha. Zaidi ya hayo, tunashauri iwe kanuni kwamba neno “mpaka” lisiandikwe kamwe katika mwongozo wa Kiswahili bila kipimo chake kando yake.

Ahadi ya usafi

Kuna desturi ya kuziita data zilizochujwa “data safi”. Desturi hii yastahili kupingwa, kwa sababu inaahidi zaidi ya uwezo wa kichujio. Kichujio hutazama urefu wa wimbi. Hakiulizi limetoka wapi. Chukua moyo unaopiga mara 63 kwa dakika. Katika sekunde 2 hupiga mara 2 na sehemu ya kumi. Kwa kuwa picha hupigwa kila sekunde 2, kila picha hukuta moyo umesogea mbele kwa sehemu ya kumi tu ya pigo, na huchukua picha 10, yaani sekunde 20, mpaka mzunguko ukamilike. Katika data, mapigo ya upesi yameonekana kama wimbi refu la sekunde 20. Ni kama gurudumu la gari katika filamu linaloonekana kuzunguka polepole au kurudi nyuma. Wimbi hilo huangukia katikati ya eneo la sekunde 10 hadi 100 ambalo watafiti wa ubongo uliopumzika hulibakiza, na hakuna kichujio cha wakati kitakachoweza kulitoa bila kutoa pia kile kinachotafutwa. Tunapendekeza liitwe “wimbi la sura bandia”.

Utaratibu wa hatua nao hauna budi kutajwa. Mwaka 2013 Hallquist na wenzake walionyesha kwamba mtafiti akichuja data kwanza, kisha akaondoa athari za kutikisika kwa kichwa kwa kutumia vipimo ambavyo havikuchujwa, mawimbi aliyokwisha kuyaondoa hurudishwa ndani. Kwa hiyo maelezo ya Kiswahili yasiishie kwenye “data zimechujwa”. Yaseme na kilichochujwa pamoja nazo. Na mahali pa “data safi” tuandike “data zilizochujwa”, kisha tutaje mpaka. Msomaji ataamua mwenyewe usafi wake.

Orodha ya mapendekezo

1. Uchujaji wa mfuatano wa wakati (kwa mkato, uchujaji wa wakati): kuondoa mawimbi fulani katika namba za vokseli kadiri wakati unavyopita.
2. Uchujaji wa nafasi: kulainisha namba za vokseli kwa kulinganisha na jirani zake.
3. Marudio: idadi ya mizunguko ya wimbi kwa sekunde, kwa hezi.
4. Kipindi: sekunde za mzunguko mmoja wa wimbi.
5. Kizuia-mawimbi-marefu: kichujio kinachoondoa mawimbi yenye kipindi kirefu kuliko mpaka.
6. Kizuia-mawimbi-mafupi: kichujio kinachoondoa mawimbi yenye kipindi kifupi kuliko mpaka.
7. Kipitisha-kati: kichujio chenye mipaka miwili.
8. Mserereko: badiliko la polepole lisilotokana na kazi inayochunguzwa.
9. Picha nzima: picha moja kamili ya ubongo katika mfuatano.
10. Wimbi la sura bandia: wimbi la upesi linaloonekana kuwa refu kwa sababu picha hupigwa kwa nafasi pana.

Hitimisho

Huenda ikasemwa kwamba majina haya ni marefu kuliko ya asili. Ni kweli. Lakini majina ya asili ni mafupi kwa sababu yameacha nusu ya maana kwa mhandisi aliyekwisha kuyazoea, na Kiswahili hakina wajibu wa kurithi upungufu huo. Lugha inayopokea istilahi baada ya wengine ina nafasi ya kuona mahali walipojikwaa.

Tunawaomba walimu wa vyuo wayajaribu maneno haya darasani, na hasa wachunguze kama mwanafunzi asiyejua lugha ya asili anaweza kusema, kwa kusikia jina tu, ni mawimbi gani yatakayobaki. Akishindwa, neno hilo liandikiwe barua kwa mhariri na libadilishwe. Wafasiri wa fomu za ridhaa nao wasisubiri orodha rasmi: “uchujaji wa muda” uondolewe katika rasimu leo, kwa kuwa anayetia sahihi ana haki ya kujua anatia sahihi jambo gani.